Mayai ya Vuhovi

*Butembo, Bulengera, tarehe 14 mwezi wa kumi, 2000*

Yaya Godelive, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba yangu yote. Mke wangu Séphora ni mzima. Bénite ameota meno mawili na anayajaribu kwenye vidole vya kila mgeni. Mvua ni nyingi, baridi inaingia mpaka ndani ya blanketi, lakini tuko. Mwanao Éliakim anakula kwa ajili ya watu wawili na kusoma kwa ajili ya mmoja na nusu. Ndiyo yuko mwaka wa mwisho, kwa hiyo sasa si mpwa wangu wa nyumbani tu, ni mwanafunzi wangu darasani pia. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Mwezi huu nawafundisha falsafa ya Wagiriki wa kale. Kulikuwa na mzee mmoja, Pyrrhon, ambaye hakukubali kwamba mtu anaweza kujua jambo lolote kwa hakika. Asali inaonekana tamu. Kama ni tamu kweli, hasemi. Kwa kila sababu ya kusema ndiyo, ipo nyingine yenye uzito uleule ya kusema hapana. Basi mtu mwenye akili husimamisha hukumu yake, hasemi ndiyo wala hapana, na moyo wake unatulia. Wewe utampenda: inasimuliwa kwamba aliishi na dada yake, mkunga, na alikuwa akimpelekea kuku sokoni.

Wengine waliokuja baada yake walitoa mfano wa mayai. Chukua mayai mawili, walisema, hakuna jicho la kuyatofautisha. Kama jicho linadanganyika hapo, utaliaminije mahali pengine? Nilipofika hapo Éliakim akanyoosha mkono. "Mwalimu, miye nakatala. Mama yangu anajua yai ya kila kuku yake. Umupatie kumi, atakuambia: hii ni ya ule mweusi, hii ni ya ule kilema." Darasa lote likacheka, na mimi nikafungua kitabu upya.

Je, ni kweli? Nimewaahidi kwamba nitaleta mayai darasani tulimalize jambo hili. Niandikie upesi. Dereva Kamate anapanda huku kila baada ya wiki mbili, barabara ikimruhusu.

Mdogo wako,
Zacharie

*Beni, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja, 2000*

Zacharie mdogo wangu,

Wasingya, asante kwa barua. Sisi tuko, Mungu hajatuacha. Binti yangu Agar amepona malaria, amebaki na mdomo mchungu na hasira tu. Barabara ya Kamango imefungwa tena, mchele hauji, tunakula mihogo mpaka tumefanana nayo.

Sasa wewe umekaa seminari miaka yote ile, ukatoka na vitabu vizito, ili ushindwe na mayai? Ni kweli kabisa. Nina kuku kumi na mmoja na sikosei. La kuku kilema lina chunusi upande mmoja, kwa sababu analala ameegemea. La mweusi ni jembamba kichwani. Mengine siwezi hata kukueleza, naliona tu yai najua. Mzee wako alibeba kuku wa dada yake, lakini naona hakuwahi kuokota mayai. Angemuuliza yule dada angepunguza maneno.

Ningekutumia, lakini lori ya Kamate ingeyafanya mchuzi kabla ya kufika. Tafuta hukohuko, si ya sokoni yaliyochanganyika, ila kwa mtu anayejua kuku wake.

Namtumia Éliakim pulovere ya marehemu baba yake. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetoboka. Uzi wa kahawia sikupata, nikatia wa kijani, mishono mitano mikubwa. Atalalamika. Mwambie baridi haichagui rangi. Mwambie pia sahani yake iko wazi mezani, kama mama yetu alivyotuzoeza: ya aliye safarini inaachwa wazi kila siku mpaka arudi, ya marehemu ndiyo inapinduliwa. Agar anasema mtu anayeshiba kwa mjomba wake hastahili sahani mbili, lakini yeye ndiye anayeiweka.

Dada yako,
Godelive

*Butembo, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili, 2000*

Yaya wangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Séphora anakusalimu. Bénite anakusalimu kwa namna yake. Mvua imepungua kidogo. Kabichi zimestawi mwaka huu, na viazi pia. Parokia imebadilisha mabati ya upande wa sakristia. Natumaini Agar hajapata homa tena na kuku wako wote ni wazima.

Yaya, nimeianza barua hii mara nne.

Jumamosi tarehe 25 Éliakim alikwenda kijijini Vuhovi. Alipaswa kurudi Jumapili baada ya misa. Asubuhi hiyo askari walipita kule wakiwatafuta wale wapiganaji wa porini, risasi zikapigwa, watu wakakimbilia mashambani. Hajarudi. Wengine wanasema vijana wengi waliingia msituni na watatoka hali ikitulia. Wengine wanasema wamechukuliwa kubeba mizigo. Kwa kweli hatujui. Nakuomba usikubali neno lolote la mtu kwa sasa, liwe baya, liwe zuri. Nitakuandikia nikipata habari.

Mdogo wako,
Zacharie

*Beni, tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili, 2000*

Zacharie,

Salamu. Nimeandika neno hilo, sasa tuendelee.

Éliakim alikwenda kufanya nini Vuhovi? Hana rafiki kule, hana shamba, hana mchumba ninayemjua. Nani alimtuma? Wewe ulikwenda kumtafuta? Uliuliza nani? Alivaa nini siku hiyo, alivaa pulovere? Barua yako ina kabichi na mabati ya sakristia, haina mambo haya.

Nataka kuja mwenyewe. Lori ya Kamate imerudishwa njiani mara mbili wiki hii. Barua hii nawapa masista wanaotembea kwa miguu na watu wa mizigo. Nenda umtafute mtoto wangu. Ana kovu chini ya kidevu, alianguka juu ya jembe akiwa na miaka sita, wewe ndiye uliyembeba. Nenda, kaka, nakupigia magoti.

Godelive

*Butembo, tarehe 28 mwezi wa kwanza, 2001*

Yaya wangu,

Mwaka mpya umetukuta hai, nakusalimu ndani yake. Séphora anafunga chakula kila Ijumaa kwa ajili ya Éliakim. Barua yako ilichukua siku ishirini na moja kunifikia, na mimi nimeichukulia siku zangu pia. Nisamehe.

Umeuliza kama nilikwenda. Nilikwenda, Jumanne iliyofuata Jumapili ile. Kasika, katekista wa Vuhovi, alinipokea. Wanaume watatu waliuawa kando ya njia na hakuna aliyeweza kuwatambua. Wakazikwa kulekule. Zaidi ya hapo siwezi kusema kitu.

Sikiliza, Yaya. Ukisema amekufa, labda unamzika kijana ambaye sasa anabeba sanduku la askari huko upande wa Kamango, anawaza mchuzi wako. Ukisema yu hai, labda unangoja bure. Sababu hizi mbili nimezipima kila siku na zina uzito sawa. Zikiwa sawa, usichague. Inasimuliwa kwamba yule mzee Pyrrhon alikuwa majini, dhoruba ikaja, abiria wakaanza kulia. Yeye akawaonyesha nguruwe mdogo aliyekuwa akila chakula chake pale ndani ya chombo, ametulia. Akawaambia mwenye hekima awe hivyo. Jaribu, Yaya. Jiambie tu: naona hajarudi. Usiongeze neno juu yake, na moyo wako utapumzika.

Mimi najaribu hivyo.

Mdogo wako,
Zacharie

*Beni, tarehe 22 mwezi wa pili, 2001*

Zacharie,

Tuko wazima. Agar ameanza kushona mashati ya kuuza, anazisaidia siku zipite. Kuku watatu wamekufa kwa ugonjwa. Masista wanakusalimu.

Nguruwe yule alikuwa na mtoto wake aliyetumbukia majini? Kama hakuwa naye, usinipe mfano wake.

Naona unadhani nasumbuliwa na mawazo. Mimi nasumbuliwa na kazi za mikono. Mama wa marehemu ananyoa nywele, mama wa msafiri anasuka. Mimi sinyoi wala sisuki, nafunga kitambaa, na chini ya kitambaa kumekuwa kichaka. Majirani walikuja kukaa kilio, wakakuta hakuna moto uani, wakaona haya, wakarudi kwao. Wengine walikuja kunitia moyo kwamba atarudi, wakaona kitambaa, nao wakarudi. Padri aliniuliza misa aiweke kwa ajili ya nani, ya wafu ama ya walio hatarini. Nilimwambia asubiri, kama mtoto ambaye hakusoma somo. Unasema nisichague. Saa ya kula ikifika, sahani inawekwa ama haiwekwi, hakuna cha katikati. Nimechagua kila siku tangu mwezi wa kumi na mbili, na kila siku naogopa kwamba nimekosea. Pumziko lako halipo huku. Labda limekwama barabarani pamoja na Kamate.

Sihitaji unipe tumaini, Zacharie. Wala usinionee huruma. Nahitaji kujua kama mimi ni mama wa mtu aliye hai ama wa mtu aliyekufa, ili nijue la kufanya nikiamka.

Nilikuuliza kuhusu pulovere, ukanijibu habari za dhoruba. Nauliza tena, na safari hii ni jambo moja tu. Wale watatu. Kulikuwa na kiwiko cha kijani?

Godelive

*Beni, Pasaka, tarehe 15 mwezi wa nne, 2001*

Zacharie,

Kamate ameapa kwamba alikutia barua mkononi mwenyewe, tena ukaifungua mbele yake. Basi unayo.

Kuku kilema amekufa. Agar anakusalimu. Nangoja.

Godelive

*Butembo, tarehe 6 mwezi wa tano, 2001*

Yaya,

Sitaanza na salamu, kwa maana nimekuwa nikijificha nyuma yake.

Kiwiko cha kijani kilikuwepo.

Mimi ndiye niliyemtuma Vuhovi. Nilitaka mayai ya lile somo. Kasika anafuga kuku na anawajua, kwa hiyo nikamtuma mwanao kwake, nipate kumshinda mbele ya wenzake. Aliondoka akicheka. "Mujomba, unaenda kupoteza mayai ya watu bure. Utaona." Ni maneno yake ya mwisho kwangu. Alikuwa amevaa pulovere yako na hakulalamikia rangi hata siku moja.

Jumanne Kasika alinipeleka mpaka pale. Walikuwa wamelazwa chini ya majani ya mgomba. Nyuso hazikutambulika, na juu ya hilo sitakuandikia zaidi. Akafunua wa katikati. "Mwalimu, huyu hapana mutoto wa kwenu? Angalia muzuri." Niliangalia vizuri. Nilihesabu mishono yako, mitano. Nikamwambia, "Sijue." Akauliza tena, "Mais mwalimu, ile nguo haikuambie kitu?" Nikamjibu kwamba nguo zinafanana, kwamba uzi wa kijani uko kila soko, kwamba pengine alimwazima mtu mwingine. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani. Akafunika tena majani.

Ningeweza kukuambia kwamba niliogopa askari, maana walikuwa wakimwita bureau, ofisini kwao, kila aliyedai maiti, aeleze marehemu alikuwa wa upande gani. Ni kweli walifanya hivyo. Lakini sababu hiyo niliikumbuka nikiwa njiani kurudi. Pale mbele yake sikuwa na sababu. Niliona tu kwamba nikisema ndiyo, atakuwa amekufa na mimi nitakuwa nimemtuma. Nikisema sijui, yote mawili yatangoja nje. Miaka kumi na miwili nimefundisha watoto neno "sijui" kama neno la unyenyekevu. Kwangu lilikuwa mlango wa nyuma.

Sikubaki mpaka mazishi. Kasika alinipa kikapu kilichookotwa kando ya njia. Mayai kumi na mawili, mawili tu yalikuwa yamepasuka. Sikuweza kuyala wala kuyatupa. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba. Nilizika mayai, Yaya, na mtoto nikawaachia wengine wamzike.

Inasimuliwa kwamba hata Pyrrhon siku moja alipandwa na hasira kwa ajili ya dada yake. Watu wakamuuliza utulivu wake uko wapi. Somo lile nilikuwa nalifundisha kama kichekesho. Sasa naona ndiyo siku moja aliyofanya jambo la maana, na mimi kwa dada yangu sikufanya hata hilo.

Éliakim amekufa. Nilimwona. Najua.

Zacharie

*Beni, tarehe 1 mwezi wa saba, 2001*

Zacharie,

Agar ni mzima. Mimi niko. Moto umewaka uani, majirani wamekuja, wote, hata wale walioona haya. Kichwa changu hakina unywele. Sahani tumeipindua. Mkono wangu ulikataa, Agar akashika upande mmoja na mimi upande mwingine.

Barua yako ilifika mwisho wa mwezi wa tano. Kwa siku tatu sikutaka karatasi yako ilale chini ya bati langu, niliiweka kwenye banda la kuku. Nilikulaani. Sitakuambia kwamba sikukulaani. Siku ya nne nikaisoma tena, nikatafuta mahali ulipoandika kwamba ni mimi niliyekuambia utafute kwa mtu anayejua kuku wake. Hukuandika. Barua nzima umejipiga wewe mwenyewe, na mahali hapo umeparuka. Nimeona.

Kisha nikapanda lori ya Kamate mpaka Butembo. Nilipita Bulengera kwa miguu nimegeuza uso, sikubisha kwako. Nilikwenda moja kwa moja Vuhovi.

Kasika alinipeleka nyuma ya kapela, kanisa lao dogo. Makaburi matatu, urefu mmoja, majani yameota sawasawa juu yake. Nikamuuliza wangu ni yupi. Alisema chini ya majani ya mgomba alikuwa wa katikati. Nikamuuliza, na chini ya udongo? Akashika kichwa. "Mama, tulizika mbio, basoda bale ba bunduki balikuwa banarudia. Na mwalimu alisema hajue. Donc hatukuweka alama." Pulovere wamemzika nayo.

Nikamwomba aniache peke yangu. Unanijua, Zacharie. Nilidhani nitajua tu. Mtu niliyembeba tumboni, nikadhani ardhi haiwezi kunificha. Nilikaa kwenye la kwanza, nikahamia la pili, nikaenda la tatu, nikarudi la kwanza. Niliweka kiganja juu ya udongo nikamwita kwa jina lake la nyumbani. Wa kwanza ulikuwa baridi, wa pili baridi, wa tatu baridi. Nilikaa mpaka jua likaanza kutelemka na sikujua. Mwambie mzee wako wa Ugiriki kwamba ameshinda. Mama Éliakim ametazama vitu vitatu, kimoja ni chake, na hakuweza kusema kipi. Lakini yeye alisema ndivyo dunia ilivyo. Hii haikuwa dunia. Ni wewe uliyeifanya hivyo, kwa neno moja.

Nililia juu ya yote matatu. Wale wawili nao wana mama mahali fulani, na sahani zao bado ziko wazi.

Sasa sikiliza kazi yako. Kasika amechonga misalaba mitatu. Wewe una mwandiko mzuri, hata baba alikuwa akikupa barua zake uandike. Nenda Vuhovi uandike jina la Éliakim kwenye misalaba yote mitatu. Kasika alinikataza. "Mama, mbili itakuwa ya kudanganya." Nilimjibu kwamba mmoja utakuwa wa kweli, na huo unanitosha. Wale mama wengine wakija, watalifuta waandike la kwao, nami sitawazuia. Tumia rangi isiyotoka kwa mvua. Kasika atakuonyesha mahali. Utakaa pale mpaka ikauke.

Kilio kinafungwa Jumapili tarehe 22. Uje na Séphora na Bénite. Sijakusamehe, sijui lini, lakini wewe ni mjomba wake na kwetu kilio hakifungwi bila mjomba. Utasimama uani mbele ya watu useme kwamba ulimtuma, na kwamba ulimwona. Neno lile jingine usilete hapa. Ukimaliza, mimi nitasimama niseme yale ambayo hukuyaandika. Halafu tutakula.

Kuku wamebaki saba. Hawakuacha kutaga hata siku moja. Kila asubuhi nayaokota, na bado najua lipi ni la nani.

Dada yako,
Godelive